Mtafsiri Hana Yake

Mtafsiri wetu alikuwa na masharubu kama brashi ya kiatu, na bado aliwaambia wageni ati amezaa mapacha. Nilikuwepo. Alisimama mbele ya tenti na ile koti yake ya kijivu, akaweka mkono kwa tumbo, akasema kwa Kiingereza, na sauti nzito ya mwanaume mzima, ati uchungu ilimshika akiwa kwa shamba anapalilia maharagwe. Wageni walicheka mpaka mmoja akatoa miwani apanguse macho. Mwenye mapacha mwenyewe, mama mfupi wa huku kwetu Mutuini, alikuwa hapo kando yake, anashangaa ni nini ya kuchekesha kwa uchungu yake.

Ndivyo alifanya kazi. Ukisema "mimi", anasema "mimi". Ukisema bwana yako alikutoroka, yeye na masharubu yake anaambia wazungu bwana yake amemtoroka. Siku moja nikamuuliza, "Mzee, kwani huwezi sema tu ati huyu mama anasema hivi na hivi?"

Akaniangalia kama nimetukana mtu. Yeye alikuwa Mkamba, na hiyo "r" haikuwahi kukaa kwa mdomo yake vizuri.

"Mwaitu," akasema, ndivyo wao huita mama wa heshima, "nikisema huyu mama anasema, nimekusukuma nyuma yangu. Wageni wataniangalia mimi. Na mimi si mtu hapo. Mtafsili hana yake."

Hiyo ndiyo ilikuwa neno yake. Umwulize unataka soda gani, "Yoyote, mtafsili hana yake." Umwulize mvua itanyesha, "Mtafsili hana yake." Kuna mama mmoja wa kikundi alimuuliza kati ya yeye na mimi nani mrembo. Hapo hata mimi nilijua atasema nini, na nikashukuru.

Wacha niwaeleze kulikuwa na shughuli gani. Kuna shirika inasaidia watu wa upande huu wote wa magharibi ya Nairobi, kutoka kwetu Mutuini mpaka kule Kangemi. Inasomesha watoto, inapea vikundi vya wamama kitu ya kuanzia biashara, na inaleta daktari. Sasa kila mwaka wanafanya Siku ya Maendeleo kwa uwanja ya shule. Tenti inawekwa, wageni wenye wanatoa pesa wanakuja na kofia kubwa, na mkurugenzi anasimama kusema mwaka ilikuwa aje. Mkurugenzi ni mama wa Mountain View, mtaa ya wenye nafasi, mtu mzuri, lakini Kiswahili anaikanyaga polepole kama mtu anavuka matope na viatu vipya. "Wamama wangu wapendwa," nitamfanya vile yeye hufanya, shingo hivi, "elimu… imepanda. Mapato… imepanda. Afya… imepanda sana." Kila mwaka inapanda. Mimi nilikuwa nauliza jirani, hii kitu inapanda kwenda wapi, si itagonga tenti?

Akimaliza, sisi ndiyo tunaitwa. Mmoja wa elimu, mmoja wa mapato, mmoja wa afya. Unasimama, unasema maisha yako, na Mtafsiri anaisema tena kwa Kiingereza, kipande kwa kipande.

Mimi sikukanyaga shule. Kule mkoa wa Magharibi nilizaliwa nikapewa jembe. Lakini sikio yangu inashika. Mtu akiongea mara moja naenda na sauti yake nyumbani, na jioni watu wanakuja kwangu kusikia pasta, chifu, mkurugenzi, wote kwa mdomo moja. Mtafsiri nilimfanya mpaka watoto walikuwa wanamsalimia jikoni kwangu na hayuko. Yeye akasikia. Akakuja kwangu siku moja, akaketi, akasema, "Nimeambiwa niko hapa." Nikamfanya mbele yake. Alicheka polepole, mabega tu. Halafu akasema, "Lakini mimi sikohoi hivyo." Na akakohoa vile vile.

Kanisani pia ni yeye alikuwa anasimama na wahubiri wenye wametoka nje. Mhubiri akiruka, anaruka. Mhubiri akianguka chini, yeye anapiga goti moja, kwa sababu ya mgongo. Kazi ya kumlisha ilikuwa viatu. Alikuwa na kibanda karibu na steji ya matatu ya Adams, anashona soli. Hapo haongei. Unampea kiatu, anaigeuza, anakuonyesha na kidole ni saa ngapi urudi. Wateja wengine walidhani ni bubu. Mke wa kijana yangu anauza kwa duka hapo Adams, alinyamaziwa na yeye mwaka mzima, halafu akaja Siku ya Maendeleo akamsikia, akaniambia, "Mama, huyo fundi wa viatu anaongea?" Nikamwambia, huyo anaongea kutushinda wote, ni vile tu si zake.

Usidhani alikuwa anasema kila kitu kama vile imesemwa. Kulikuwa na mzee wa tanki ya maji. Tanki ililetwa na shirika, ikapasuka, na huyo mzee akasimama mbele ya wageni akasema, "Waambie hii takataka yao waje wabebe, na wabebe na hiyo kofia." Mtafsiri akakohoa. Akasema kitu fupi. Wageni wakapiga makofi, na kabla mwezi iishe tanki mpya ikaja. Tukamuuliza, uliwaambia nini? "Niliwaambia wabebe." Zaidi ya hapo hatukupata.

Na wakubwa aliwakata pia. Siku moja mkurugenzi aliacha Kiswahili, akaongea Kiingereza mpaka jasho, mikono inaenda, mikono inarudi. Akanyamaza, akamgeukia. Mtafsiri akatuambia, "Amesema asanteni. Na choo iko nyuma."

Shida yake ya Kiingereza ilikuwa moja, na niliambiwa tu na mke wa kijana yangu. Ati Kiingereza iko na yeye ya mwanaume na yeye ya mwanamke. Sisi yeye ni yeye. Mtafsiri alizichanganya hizo mbili mpaka mwisho wa kazi yake. Bwana wa mtu anakuwa mwanamke, dada ya mtu anakuwa mwanaume. Wageni walikuwa wamemzoea. Akisema hivi wanageuza wenyewe kwa kichwa, wanatabasamu, maneno yanaendelea.

Na alikuwa analia. Hii ndiyo sijaona kwa mtu mwingine. Mama akianza kulia huku anasimulia, Mtafsiri hangojei. Anatoa kitambaa, sauti inapasuka, analia kwa Kiingereza. Mama akinyamaza, ananyamaza, anakunja kitambaa vizuri, anarudisha mfukoni. Tulimcheka. Tulimwambia, mzee, wewe umefiwa kuliko makaburi.

Lakini alisema uongo hapo kwa neno yake. Alikuwa na yake. Alikuwa na bibi.

Walikuwa wanakaa chini kabisa, zile nyumba mpya za kukodisha karibu na mto, wawili tu, mtu na mke wake. Bibi alikuwa na ugonjwa wa sukari, na mguu ilikuwa na kidonda haikauki. Nilienda kumwona mara kadhaa. Mwanamke mpole, macho makubwa, mguu juu ya stuli. Mtafsiri nyumbani hana maneno. Anaosha hiyo kidonda, anafunga kitambaa, anafungua redio. Bibi ndiye alikuwa anaongea ya wote wawili. "Huyu amechoka," ananiambia. "Huyu leo amefurahi umekuja." Na yeye amekaa hapo na masharubu, kimya, anatafsiriwa.

Sasa daktari wa miguu alikuwa anakuja na shirika. Daktari mzuri, alikuwa ameokoa mguu ya mama mmoja wa Kangemi na huyo mama alisimama kwa tenti akaruka juu tuone. Lakini kadi ya daktari ilikuwa ya wamama wa vikundi, na kikundi inataka uhudhurie mkutano kila wiki, na mkutano iko juu, kwa shule. Bibi ya Mtafsiri hangeweza kupanda hicho kilima. Hakuhudhuria, hakuandikwa, hakupata kadi. Hakuna mtu alimnyima. Ni kilima tu.

Kitu Mtafsiri alitaka kwa hii dunia ilikuwa hiyo moja, huyo daktari ateremke aone hiyo mguu. Mimi nilijua. Nilimwambia, "Mzee, ongea. Wewe ndiye uko na maiki!"

"Mwaitu, nikianza kusema yangu, yenu atasema nani?"

"Basi nikimaliza yangu, wewe ongeza yako kidogo hapo kwa mwisho. Nani atajua?"

Akavuta masharubu. Halafu akasema, "Si hapo ndiyo shida? Hakuna mtu atajua."

Nilidhani ni utani.

Nilienda kwa mkurugenzi mwenyewe nikamwambia kuna mgonjwa kule chini. Akashika mkono yangu. "Mama, ako kwa kikundi gani?" Nikasema hana kikundi. "Tutaona… vile… tutafanya." Labda wangefanya. Mvua ikaja, barabara ya kuteremka ikaharibika, halafu Siku ya Maendeleo ikakaribia na kila mtu akaanza kupaka shule rangi.

Hiyo mwaka mimi ndiye nilikuwa wa mapato. Kuku zangu zilikuwa zimeongezeka, mayai nauza mpaka Adams. Nilivaa kitenge, nikapaka mafuta. Mtafsiri alikuja amechelewa, kitu hajawahi kufanya, na viatu vyake, yeye fundi, vilikuwa na tope mpaka kwa kamba. Koti haikuwa imepigwa pasi. Nikamwambia, "Leo umelala kwa ng'ombe?" Akanipita. Akachukua maiki.

Nilisema yangu. Nilisema nilianza na kuku kidogo kwa kreti ya soda, saa hii nina nyumba ya kuku. Akaisema. Nikasema nilikuwa naomba chumvi kwa jirani, sasa jirani anakuja kwangu. Akaisema, watu wakacheka. Nikasema asante kwa shirika, Mungu awazidishie. Hiyo ni fupi. Unajua asante ya Kiingereza ni fupi, hata mimi naijua.

Lakini Mtafsiri akaenda. Akaongea. Nikamwangalia, nikaona haniangalii. Siku zote anakuangalia mdomo, hata ukishanyamaza. Hiyo siku aliangalia mbele, huko kwa geti. Akatoa kitambaa, akalia. Na mimi sikuwa nalia! Mimi nilikuwa na kuku!

Wageni wakainamisha vichwa. Akamaliza, wakapiga makofi polepole, yale ya heshima. Mgeni mmoja, mama mzee wa kofia, akainuka akakuja mbio, akampita Mtafsiri kama mlingoti ya tenti, akanikumbatia mimi. Alinilowesha shingo. Ananiambia kitu, ananiambia tena, anapapasa mgongo yangu. Nikamwambia, "Senkyu." Mkurugenzi akachukua maiki. "Wa afya… tafadhali." Mama wa afya akasimama, na Mtafsiri akageuka akamwangalia mdomo, akamtafsiri mpaka mwisho, sawasawa. Halafu akaweka maiki kwa meza na akatembea kwenda getini. Chakula hakungoja.

Nilienda nyumbani na hiyo sauti. Haikutoka. Jioni watu wakakuja kunisikia kama kawaida, nikawafukuza. Nikangoja mke wa kijana yangu atoke kazi, nikamwambia, kaa hapo, nisikize, usicheke. Nikaitoa vile niliibeba:

"Ai hedi a waifu. Hi wozi siki, daun zea, nia ze liva. Hi askidi mi foo wota. Ai sedi, weiti. Zisi moning hi izi goni."

Aliniambia rudia. Nikarudia. Akaweka sahani chini.

"Mama," akasema, "ni nani alisema hii?"

"Wewe niambie ni nini kwanza."

"Anasema alikuwa na bibi. Ati alikuwa mgonjwa, hapo chini, karibu na mto. Akamwomba maji, akamwambia ngoja. Leo asubuhi ameenda." Akafikiria. "Lakini ameanza na bibi, halafu hiyo yeye yake yote ni ya mwanaume. Mtu akisikia atadhani ni bwana ya mtu alikufa. Atadhani ni bwana yako."

Ndiyo nikaelewa mama wa kofia. Alikuwa ananipea pole ya bwana yangu! Bwana yangu ako Kitale na mwanamke wa duka la mbolea, na kama amekufa hajaniambia. Wageni waligeuza kwa kichwa kama walivyozoea. Walisikia bibi, wakaona mimi hapa na kitenge, wakajua huyu mzee amechanganya tena. Bibi akawa bwana, na kifo ikawa yangu. Kwa kitabu yao ya mwaka nikawekwa picha na kuku, ati mjane. Maendeleo.

Asubuhi niliteremka. Mlango ilikuwa na kufuli. Jirani, kijana wa bodaboda, akaniambia, "Buda wa viatu ameenda ushago, kwao kijijini, kuzika, shosho. Kwani hamkuskia?"

Nikapanda juu kwa ofisi. Mkurugenzi alishika kifua. "Oh, mama! Lakini… kwa nini… hakutuambia?"

"Aliwaambia."

"Alituambia lini?"

"Jana. Kwa maiki."

Alikaa chini. Simchukii. Alilia kweli, na mwaka uliofuata daktari akaanza kuteremka mpaka kwa mto, kadi au hakuna kadi, na wakaisema kwa tenti kwamba afya imepanda. Hiyo mara ilikuwa kweli. Mimi nilipiga makofi. Mikono iliniuma.

Mtafsiri mwingine ni kijana wa chuo. Msafi, anajua yeye zote mbili. Anasimama kando yako anasema ati huyu mama anasema, huyu mama anasema. Hakuna mtu anacheka, hakuna mtu analia, tunamaliza mapema.

Mzee alirudi kutoka kwao lakini si kwetu. Kibanda ya Adams ilichukuliwa na mtu wa kadi za simu. Kanisani hakuonekana. Wengine walisema amehama, wengine wakasema mambo mengine.

Nilimpata juzi, mjini. Nilikuwa nimeenda kununua dawa ya kuku, nikapita bustani ya Jivanjee nipumzike miguu. Ilikuwa saa ya chakula, watu wa ofisi wamelala kwa nyasi, na wahubiri wako kila kona, kila mmoja na mtafsiri wake anaruka. Mtafsiri wetu alikuwa kwa benchi, peke yake, anasikiza mmoja wao. Masharubu yote nyeupe. Nikakaa kando yake. Hakugeuka.

"Huyo kijana amesema ufufuo, na mhubili amesema wokovu," akasema. "Amekosea."

"Habari yako, mzee."

"Mwaitu. Nilisikia mguu yako ikija."

Tukakaa. Nilikuwa nimebeba kitu yake muda mrefu, na sikujua mtu huirudisha aje. Sikumwambia pole. Pole nilipewa mimi, nilikuwa nimeimaliza. Nikafanya vile najua kufanya. Nikaweka mkono kwa magoti kama yeye, nikakohoa, nikasema kwa sauti yake, kwa Kiswahili, nikiangalia mbele:

"Mimi nilikuwa na bibi. Alikuwa mgonjwa, kule chini karibu na mto. Akaniomba maji. Nikamwambia ngoja. Asubuhi akaenda."

Mhubiri akaruka, mtafsiri wake akaruka. Nikadhani nimemkosea.

Halafu akasema, "Si maji."

"Ulisema maji. Wota."

"Nilisema maji. Haikuwa maji." Akapangusa mdomo. "Ilikuwa chai. Aliniomba chai ya sukali. Sukali nyingi, kama ya halusi, na nilikuwa nayo ndani ya nyumba. Na ile semina ya chakula ya wagonjwa wa sukali, nani aliitafsili? Si mimi? Niliwaambia wote, hata kijiko moja, hapana. Nikamwambia ngoja, mama, upone kwanza. Akageukia ukuta." Akaangalia viatu vyake. "Sasa hiyo ningesemea wageni aje? Wangesema hawa watu wamefundishwa na bado wanaitisha sukali. Nikaweka maji."

Hata hapo. Hata bibi yake amelala baridi, alikuwa anatengenezea wageni maneno.

"Mwaitu," akasema. "Sema tena. Weka chai."

Nikakohoa. Nikasema, na sikupunguza sauti, "Mimi nilikuwa na bibi. Aliniomba chai ya sukali, kama ya halusi. Nilikuwa nayo ndani ya nyumba. Nikamwambia ngoja." Alikuwa ananiangalia mdomo, neno kwa neno.

Watu kwa nyasi wakageuka. Si unajua Jivanjee, mtu akiinua sauti wanajua ni mahubiri. Kijana mmoja wa ofisi, amefungua tai, akainua mkono akaitikia, "Amina, mama!"

Nikamwambia anyamaze, mzee hajamaliza.